Mungu Aliyependa Yai Lenye Chumvi

Magwagwa, Nyamira
Jumapili, 10 Novemba 2024

Kwa ndugu yangu mpendwa Job,

Pokea salamu kutoka nyumbani, nyingi kiasi cha kumlemea Omosa, anayekuletea barua hii, kwenye mizigo yake. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya, wewe na wenzako mnaokaa pamoja, na kwamba joto la huko Doha limepunguza hasira zake. Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha kila alasiri bila kukosa, chai inachumwa hadi vidole vimekuwa vyeusi, na ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike. Mdogo wetu Marion alipokuja kutoka kwake Kiogoro alimpa ndama huyo jina la mwalimu mkuu wangu. Mimi sikushirikishwa, na ukiulizwa, wewe hujui lolote.

Mama amepona. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua macho yako yameruka mistari yote kulitafuta. Kidonda cha upasuaji kimefunga vizuri, daktari wa Kisii amemwambia arudi Januari aonekane tu, na tangu wiki iliyopita amerejea kwenye kazi yake ya kumsahihisha kila mtu jikoni. Kinachomuumiza sasa ni kunyimwa chumvi. Juzi nilifungua kitabu chake cha nyimbo nikakuta ameficha chumvi ndani ya karatasi, hapo hapo kwenye nyimbo za toba. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula, swali ambalo amelijibu mwenyewe kwamba huli.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani wakati tuna simu. Mambo ya leo siwezi kuyasema kwa simu. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza habari za hali ya hewa. Omosa anarudi huko Alhamisi baada ya likizo yake, kwa hiyo nimeona nimtume mkono kwa mkono. Yeye hajui kilichomo, ingawa amejaribu kunusa.

Tuanze na habari ya shamba. Baba ameamua kuligawa kabla ya Krismasi, na mpima ardhi anakuja tarehe ishirini na tano. Marion amesema hataki ardhi, anataka tu apelekewe ndizi. Kwa hiyo kumebaki sehemu mbili kwa watu wawili. Juu, kando ya barabara, kuna mawe, upepo, na mikaratusi iliyokwisha kunywa maji yote. Chini kuna chemchemi, migomba, na udongo ule mweusi ambao ukisahau mwiko shambani unaukuta umechipua. Wewe ndiwe kijana, umepewa nafasi ya kuchagua kwanza, na umemwambia baba unataka juu. Baba amekuwa akiuliza watu wiki nzima kama joto la Uarabuni linaweza kumharibu mtu akili. Ulimwambia ni kwa sababu ya barabara. Amekubali shingo upande, akasema basi ya chini itakuwa ya Celestine, kwa kuwa siku hizi hata sheria inasema binti naye ni mtoto.

Job, nilifurahi mpaka nikapika chapati siku ya Jumatatu. Tangu nianze kufundisha naishi nyumba za kupanga, na sasa nimeshapima kwa hatua mahali pa jiko, mahali pa choo, na mahali pa kukaa jioni nikitazama maji. Lakini sababu yako ya kweli ya kuikataa sehemu ya chini naijua, na wala si barabara. Kwa hiyo nakuomba usimpigie baba kuthibitisha chochote kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Sasa sikia kituko. Hapa kwetu kumezuka dini.

Ilianza kujulikana Septemba. Akina mama walilalamika kwamba watoto wanaomba wapewe siku ya Ijumaa yale mayai yanayochemshwa kwa ajili ya Sabato, wanasema watayala njiani, halafu Sabato wanaonekana na njaa. Halafu Anyona, ambaye sasa ndiye kiongozi wa Nyumba Kumi na hujiona kama mkuu wa polisi, akashuka kwenye chemchemi yetu kutengeneza bomba. Chini ya lile jiwe kubwa akakuta maganda ya mayai, nusu mandazi, ndizi iliyowekwa juu ya jani kwa heshima, peremende tatu, na picha iliyochorwa kwa kalamu za rangi. Picha ilikuwa ya kiumbe mwenye masikio ya ndama, mdomo wazi, na jicho moja lililo tumboni. Chini yake jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: RIGORONTO.

Kama umesimama, keti.

Watoto walipohojiwa walieleza imani yao vizuri kuliko wanavyoeleza somo la Shule ya Sabato. Walisema Rigoronto ni mungu anayekaa chini ya jiwe, na ni mbaya kuanzia asubuhi mpaka jioni. Haleti mvua, haponyi mtu, na hasikii maombi. Kazi yake ni moja tu, kuchukua mama za watu. Ukimpelekea yai siku ya Ijumaa anaahirisha hadi Ijumaa nyingine. Yai lenyewe lazima liwe limechemshwa, limemenywa, na kunyunyiziwa chumvi. Ukishaliweka unageukia shamba la chai, unafumba macho, unahesabu hadi mia, kisha unakwenda zako bila kutazama nyuma. Ukimwambia mtu mzima, Rigoronto anakasirika na kuamka kabla ya zamu yake.

Kwa jinsi nchi hii ilivyoumizwa na dini za ajabu, hakuna mzazi aliyecheka. Baba alikasirika kwamba shetani amepata makao ndani ya shamba lake bila hata kuomba ruhusa. Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Mzee Onchiri wa kanisa akawa mwenyekiti, Anyona akawa mkuu wa usalama, cheo alichojipa mwenyewe, na mimi kwa kuwa ni mwalimu na nina mwandiko unaosomeka nikawa katibu. Ninazo kumbukumbu za vikao vinne. Kikao cha pili kilichukua saa mbili kujadili mungu gani huyo anayetaka amenyewe yai, na Mzee Onchiri akahitimisha kwamba huo ndio uvivu wa kuzimu.

Siku kamati ilipokwenda kukagua jiwe, Anyona aliingiza mkono ndani kabisa kwenye ufa akatoa pakiti ya nailoni iliyofungwa vizuri. Ilikuwa na picha ya mtende na maandishi ya Kiarabu, na ndani mlikuwa na tende. Job, ungemwona! Alitangaza papo hapo kwamba dini hii ina wafadhili kutoka nje. Mzee Onchiri alivua kofia. Ikapendekezwa tuandike barua kwa mkubwa wa kaunti ndogo. Mimi katibu nikasema kielelezo kama hicho hakifai kuzungushwazungushwa mikononi mwa watu, nikakitia mkobani mwangu kama kielelezo namba nne, nami nitakirudia baadaye.

Ikaamuliwa jiwe livunjwe. Tulikwenda Jumatano mchana, watu kama thelathini, na nyimbo tukaimba. Mzee Onchiri aliomba kwa muda wa kutosha kuchemsha maharagwe. Kisha Anyona akavua koti, akatemea viganja, akainua nyundo ile ya baba ya kupasulia mawe. Alipoishusha, kichwa cha nyundo kilichomoka kwenye mpini, kikapita juu ya vichwa vyetu na kutua ndani ya chai. Sikuwahi kuona watu wa Mungu wakikimbia vile. Baba, ambaye hulalamikia goti kila asubuhi, alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Mzee Onchiri aliacha kiatu kimoja. Baadaye baba alikumbuka kwamba mpini ule ulikuwa umelegea tangu mwaka jana, lakini hakuna aliyetaka kusikia mambo ya mpini. Ijumaa iliyofuata mayai yaliongezeka, na Anyona mwenyewe alionekana akipita pale na kitu mfukoni. Sikukiandika kwenye kumbukumbu.

Mimi nilijua nifanye nini. Usiniulize nilijuaje, utaambiwa. Ijumaa hiyo nilitoka shuleni mapema, nikajificha kwenye chai mita kumi kutoka kwenye jiwe, na nikangoja. Watoto walikuja mmoja mmoja, wakaweka, wakageuka, wakahesabu, wakaenda. Wa mwisho alipoondoka, majani yakatikisika upande wa pili na mungu akatokea. Alikuwa Maureen, mjukuu wa Mzee Onchiri, yule wa gredi ya sita mwenye pengo. Aliketi juu ya jiwe, akatandika sketi yake vizuri, akaanza kula. Yai la tatu alilionja, akakunja uso, akatoa chumvi yake mwenyewe mfukoni na kuongeza.

Nilipojitokeza hakukimbia. Aliniuliza kama nataka moja. Nikamuuliza kama haogopi, akasema aliogopa kwa wiki nyingi na kutoa mayai yake kama wengine, mpaka siku moja alipowaza kwamba mtu mbaya kiasi hicho hawezi kujali habari ya chumvi. Nikamuuliza dini hii imetoka wapi. Akasema yeye aliipata kwa binamu yake, binamu aliipata kwa mtu mwingine aliyemaliza shule zamani, na huyo aliipata kwa mtume wa kwanza, ambaye alitoa mayai matatu kwa Ijumaa tatu, na Rigoronto akamrudisha mama yake kutoka hospitali akiwa hai. Nikamuuliza jina la mtume. Akasema anaitwa Job wa Machogu na siku hizi anakaa ng'ambo.

Nilimwuliza pia kwa nini imeshika moto mwaka huu. Akasema mama yake alipokwenda kujifungua mwezi wa Julai, watu wazima waliwaambia watoto kwamba amekwenda kutembea. Kila walipouliza, walipewa chai. Basi wakashuka kwenye jiwe.

Ripoti yangu ilisomwa kwenye kikao cha nne. Mzee Onchiri aliposikia kuhani ni nani, jambo ambalo lilikuwa ibada ya sanamu saa nane lilikuwa limekuwa mchezo wa watoto saa nane na robo. Maureen alisimama mbele ya wenzake akasema kila kitu, na adhabu yake ni kuwafundisha wadogo mafungu ya kukariri kwa mwezi mzima. Amekubali, mradi asidaiwe mayai. Niliongeza pendekezo moja la katibu, kwamba mama yeyote akienda hospitali, watoto wake waambiwe amekwenda wapi na kwa nini. Limepita, ingawa wazee walikohoa. Na mwishoni kabisa, mahali pa kuandika jina la mwanzilishi wa dini, nikaandika kwa mkono wangu huu kwamba hajulikani.

Job, mwanzilishi ni mimi.

Nimeliandika hilo, na mkono bado uko. Ngoja nikueleze yote, kwa sababu nimekaa nayo miaka ishirini na saba.

Wewe ulikuwa na miaka sita, mimi kumi. Mama alipelekwa hospitali Alhamisi kumzaa Marion. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nimesikiliza mlangoni. Wewe hukuambiwa kitu, kwa kuwa nyumbani kwetu mtoto haambiwi mambo ya uzazi. Uliambiwa amekwenda kutembea. Ijumaa nyanya alituchemshia mayai ya Sabato, moja moja. Langu nililila kabla jua halijatua. Lako ulilitia kwenye mfuko wa sweta na ukawa unatembea umelishika, ukiniuliza mama atarudi lini. Nilikuwa na hamu ya yai, ndugu yangu. Hiyo ndiyo sababu, na nimetafuta nyingine nzuri zaidi nikaikosa. Nikakwambia kuna mungu chini ya jiwe anayechukua mama za watu, na kwamba anapenda mayai. Masikio ya ndama niliyaongeza baadaye ulipoanza kuuliza maswali. Uligeukia chai, ukahesabu hadi mia huku ukiruka sitini zote, na mimi nikala.

Nilidhani ni mchezo wa siku moja. Lakini mama alipata shida, wakamkalisha hospitali wiki tatu, na kila Ijumaa ulikuja mwenyewe na yai lako bila kuambiwa. La tatu ulilimenya wewe mwenyewe. Hilo nalo nililila. Mama aliporudi akiwa amembeba Marion, ulikimbia kilima kizima ukipiga kelele kwamba umemshinda Rigoronto. Nilitaka kukwambia siku ile ile. Ulikuwa na furaha sana, nikaona haya, na haya ikazidi kukua kadiri tulivyokua. Wewe ukaanza kuwafundisha wengine. Mimi nilitengeneza mungu, na wewe ukamjengea kanisa.

Sasa narudi kwenye kielelezo namba nne. Nilifungua ile pakiti ofisini kwangu. Chini ya tende mlikuwa na risiti ya duka la Doha, na nyuma yake umeandika kwa mwandiko wako ule unaolalia upande mmoja, "Tafadhali, mama hapana." Ndipo nikakumbuka kwamba Agosti, siku ya kuondoka kwako, ulisema unakwenda kunawa miguu chemchemini, na mama alikuwa ameshapewa tarehe ya upasuaji. Mwanamume wa miaka thelathini na tatu, fundi wa kuchomelea vyuma, na Omosa anasema wewe ndiwe shemasi wa kikundi chenu huko! Ningekucheka, Job. Nililia mpaka walimu wenzangu wakadhani nimepata barua ya uhamisho.

Naona uchungu sana. Nilikuibia mayai matatu, hayo unaweza kunisamehe hata leo. Lakini nilikufanya uamini kwamba mama yupo kwa sababu ya kitu unachotoa, na kwamba siku ukisahau atachukuliwa. Umelibeba hilo hadi ng'ambo, na sasa unataka kujenga juu ya mawe maisha yako yote ili usilale karibu na jiwe ambalo nililiwekea mungu kwa ajili ya tumbo langu. Nikinyamaza, napata chemchemi. Nilikaa kimya siku tisa kamili nikifikiria mahali pa jiko. Naona aibu kukwambia hizo siku tisa, lakini bora uzijue.

Kwa hiyo chagua upya, na uchague ukijua. Chini ya jiwe hakuna mtu. Barua hii naiandikia juu yake, nimeketi tangu asubuhi, na kilichonipata mpaka sasa ni ubaridi wa makalio. Nimemwomba baba asiandike jina la mtu popote mpaka utakapompigia, na nimemwambia sababu ni yangu, nami nitamweleza mwenyewe ukishaisoma hii. Ukichukua chini, mimi nitahamisha jiko langu juu na nitakuwa nikija kuteka maji kwako bila kinyongo. Siku ya kwanza kinyongo kidogo kitakuwepo, univumilie. Ukichukua juu, iwe ni kwa ajili ya barabara kweli.

Mama hakushikiliwa na mayai, Job. Wakati ule alishikiliwa na madaktari na Mungu tuliyefundishwa, na Septemba hii vivyo hivyo. Saa hii yuko jikoni. Namsikia kutoka hapa akimwambia baba kwamba mboga haina ladha.

Zile tende nilizila zote, kumi na nne. Nisamehe, sijui kuacha.

Wape salamu wenzako wote, na ukipata nafasi ya likizo Aprili, njoo, maana ndama atakuwa ameshazoea jina lake. Baba anakusalimu, Marion na mumewe wanakusalimu, na Maureen amesema nimsalimie mtume. Omosa anakuletea furushi dogo kutoka kwangu. Ndani yake mtakuwa na mayai matatu, yatakayochemshwa asubuhi ya safari, na chumvi pembeni kwenye karatasi. Nitayaacha na maganda yake. Yamenye mwenyewe, uyale yote matatu, na usifumbe macho.

Mimi dada yako anayekupenda,

Celestine Machogu
Katibu wa Kamati